Mwalimu Hamalizi Picha

Asubuhi ya mtihani, foleni ya bafuni ilifika hadi sebuleni, na wengi waliokuwa kwenye foleni hawakuwa wamemalizika. Bafuni alikuwamo mzee asiye na masikio, kwa hiyo kumgongea mlango kulikuwa kazi bure. Aliyemfuata ni muuza magazeti ambaye miguu yake iliishia magotini, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mwisho kabisa alisimama mchoraji mwenyewe, taulo begani, akibadilisha mguu wa kusimamia.

"Huyu mzee wako anaoga nini kila siku?" mama mdogo alifoka kutoka jikoni. "Mkaa hautoki kwa sabuni!"

Mchoraji alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya ualimu wa sanaa. Mjini alikuwa na jina lake, picha zake zilishaning'inia kwenye maonyesho, lakini shule haziajiri jina. Chuoni palikuwa na kanuni iliyoandikwa juu ya kila ubao: mwalimu hamalizi picha. Anapowaonyesha wanafunzi namna ya kuchora aachie njiani, la sivyo watanakili yake badala ya kuchora yao. Kanuni nzuri tu. Ila watu wa picha walioachiwa njiani hawakuwa na pa kwenda, basi wakawa wanamfuata mwalimu wao nyumbani. Hawakulala. Walizunguka chumba hadi chumba, wakifungua makabati na kuyafunga. Kila mwanachuo alikuwa na wake, na wenye nyumba walishazoea.

Mtihani ulikuwa kufundisha darasa la vijana huku mhadhiri mkuu amekaa nyuma. Wanachuo walimwita Bwana Nusu, naye hakukasirika. Alifika na msururu wake, watu wa miaka yote aliyofundisha, wakabanana ukutani, na waliokosa nafasi wakachungulia dirishani.

Mchoraji alipanga kuchora mwanamke yeyote aliyeketi. Mabega, mikono iliyofumbatana mapajani, kisha paji, nyusi, macho, pua. Hapo akaona kwamba anamchora mama yake, aliyekufa mwaka uliopita. Mkaa ukasita chini ya pua. Kule nyuma Bwana Nusu akainua kichwa. Mchoraji akauweka mkaa mezani, akapangusa vidole.

"Haya, sasa nyinyi," akawaambia wanafunzi.

Waliporudi nyumbani, mama aliingia wa kwanza, akaketi kwenye kochi pale pale alipozoea. Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama dada yake, akaketi naye. Hawa wawili walinuniana miaka mingi kwa sababu ya cherehani. Siku mama mdogo alipokata shauri kwenda kumwona dada yake hospitali, alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka mpya.

"Dada, umenisamehe?"

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Anasemaje?" mama mdogo akamgeukia mchoraji.

"Si ameitikia?"

"Huyu? Huyu aliitikia kila kitu kwa kichwa, halafu akakataa kwa mdomo. Mwekee mdomo, mwanangu. Si kazi ya dakika moja tu?"

Mchoraji alijaribu hapo hapo. Mkaa uliteleza usoni kama juu ya kioo chenye maji. Mdomo ulipaswa kuchorwa kwenye karatasi ile ile, na karatasi ilikuwa kabatini chuoni.

Baada ya wiki Bwana Nusu alimwita ofisini. Bibi harusi asiye na uso alikuwa akimpangia mafaili.

"Umewapita wote," alisema, akamsogezea ile picha na penseli. "Saini hapo chini. Hii inabaki kwetu, wanaokuja wajifunze. Tunazorudisha ni zile mbovu."

"Mwalimu, naomba niongeze kitu kidogo. Mdomo."

"Ukiongeza mdomo, umemaliza. Ukimaliza, umefeli. Na shule imeshakupa darasa."

"Ni mama yangu."

"Wote wana watu wao, binti." Alisimama. "Mimi nafuata chai."

Penseli ilikuwa imechongwa vizuri. Bibi harusi akageukia dirishani kwa adabu, ingawa hakuwa na macho. Mchoraji aliishusha ncha hadi chini ya pua ya mama yake, akaishikilia hapo mpaka kijiko kikasikika kikigonga kikombe kwenye korido. Akaishusha zaidi, hadi ukingoni mwa karatasi, akasaini.

"Umemwekea?" mama mdogo alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Bado, mama mdogo."

Mama mdogo hakugomba. Alisogeza stuli karibu na kochi, akaanza kumpa dada yake habari za majirani: nani kahama, nani karudiana na nani, nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Mama aliitikia yote kwa kichwa. Kila alipovuta pumzi, mama mdogo alipenyeza lile swali lake, kisha akaendelea na majirani.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu mpya alisimama mbele ya darasa lake na kuchora mtoto anayekimbia. Alipofika kwenye mguu wa pili, akaweka chaki chini.

"Mwalimu, humalizii?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

"Haya, sasa nyinyi."

Kengele ilipolia alikusanya vitu vyake, akaushikilia mlango wazi, akangoja yule mtoto wa ubaoni apite kwanza, akirukaruka kwa mguu mmoja.