Basi la Sumarno Halishuki Krapyak

Saa tisa alasiri Paryanto alikaa kwenye benchi la kibanda cha chakula cha shemeji yake Ngatmi, kando ya barabara ya Krapyak, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulikuwa na nguvu, akaanza kulipakia basi lake mtandaoni. Lilikuwa basi la kuongeza kwenye mchezo wa simu wa kuendesha mabasi. Ukishalitengeneza unaliweka kwenye tovuti ya mashabiki, wenzako wanalipakua na kuliendesha bure. Ngatmi alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa.

"Umelipaka rangi ileile?" aliuliza.

"Ileile, shemeji. Hata mkwaruzo wa mlangoni."

"Na breki?"

"Nazo zilezile."

Ngatmi akageuza tempe. Lilikuwa basi la mumewe Sumarno, kaka yake Paryanto, aliyekufa nalo kwenye mteremko wa Krapyak. Miezi mizima Sumarno alilalamika kwamba breki zimeisha. Kampuni ya Kencana Wukir ilimwambia aendeshe au aache kazi. Baada ya ajali ikasemwa alisinzia, na mpaka leo ndivyo inavyosemwa. Paryanto alitaka watu waliendeshe basi lile, waone kama kuna mtu anaweza kusinzia humo.

Kufika magharibi, malalamiko ya wachezaji yalikuwa yamejaa chini ya basi lake kwenye tovuti.

"Basi bovu hili. Likifika juu ya Krapyak linagoma."

"Haligomi, dereva ndiye analisimamisha. Bwana mmoja ana kofia ya kijani. Nimemwambia atoke kwenye kiti changu, kaniambia nikaoge."

"Wangu anavuta sigara za karafuu. Simu imejaa majivu, mama anadhani ni mimi."

Paryanto akafungua mchezo. Kaka yake alikuwa kwenye usukani, anafuta kioo kwa leso.

"Umenenepa," alisema Sumarno.

"Tempe za mkeo, kaka."

"Hebu mpe simu."

Paryanto akampa Ngatmi simu, yeye akashika karai. Ngatmi alimweleza mumewe habari za paa linalovuja. Kisha akamuuliza kama kweli alisinzia.

"Ningesinziaje, Ngat? Kanyagio lilizama mpaka sakafuni."

"Nilijua," alisema Ngatmi. "Lile paa nitamwita mdogo wako."

Kesho yake msimamizi wa tovuti, kijana aitwaye Bagas, akapiga simu.

"Kaka Paryanto, dereva wako watu wanampenda. Lakini sheria ya tovuti unaijua. Basi lisilofika mwisho wa safari naliondoa. Rekebisha breki nikuachie."

Ilikuwa kazi ndogo. Paryanto akarekebisha breki kwenye nakala moja, akaijaribu. Basi likashuka Krapyak taratibu, kiti cha dereva kitupu. Akaifuta nakala ile.

"Siwezi, mdogo wangu," alimwambia Bagas. "Liendeshe mwenyewe kwanza."

Bagas akaliendesha. Juu ya Krapyak Sumarno akavuta breki ya mkono, akawashusha abiria, akachukua jiwe na kuliweka mbele ya tairi.

"Nenda kamwambie mwenye kampuni," alisema.

"Mzee, mimi ni wa tovuti tu."

"Ndiyo. Fundi wa kampuni naye alisema yeye ni wa matairi tu."

Bagas akafikiri kidogo. Kisha akauhamisha mwisho wa safari, akauweka pale pale juu ya Krapyak. Basi likawa halijavunja sheria yoyote, likabaki.

Siku hizi madereva wa Kencana Wukir huegesha pale kibandani kabla ya mteremko. Wanakula tempe, simu zimeegemezwa kwenye chupa ya sosi, wanapiga soga na Sumarno. Yeye huwauliza breki zikoje. Wanamwambia zilezile. Ngatmi huwafungia tempe za njiani. Wanapangusa majivu kwenye simu, wanamuaga kwa heshima, wanapanda mabasi yao na kushuka Krapyak.