Fundi Aliyehamia Uvunguni

Wateja wa gereji ile walikwisha kuzoea kuzungumza na buti. Ukifika asubuhi ukamuulizia fundi, shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye fundi umeme wa pale, alikuonyesha kwa bisibisi jozi ya buti nyeusi zilizochomoza chini ya gari, nawe ukainama kidogo ukazieleza shida zako. Buti zilijibu vizuri tu. Zilitania, zilikohoa, zilikutajia kipuri kilichochakaa. Ila hazikutoka.

Mambo yalianza siku tisa nyuma, fundi alipofanyiwa upasuaji mdogo wa goti. Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, kiuno na miguu ikafa ganzi, na goti likatengenezwa yeye akiwa macho, anawauliza madaktari kama vifaa vyao navyo vina saizi kama spana. Kesho yake akarudi nyumbani anatamba. Siku ya tatu akaketi kunywa chai, kichwa kikataka kupasuka. Akajilaza kwenye kochi, kikaacha. Akainuka, kikarudi na nduguze. Mtu mwingine angejiuliza. Fundi wetu, ambaye kichwa chake kilikuwa kigumu hata kabla hakijaanza kuuma, siku ya tano alijikokota hadi gereji, akalala chali kwenye ubao wake wa magurudumu, akajisukuma chini ya gari la kwanza aliloliona, na maumivu yakayeyuka. Akakata shauri kwamba kazi ni dawa.

Tangu hapo alihamia uvunguni. Ekzosi, sampu, gia boksi, vyote vya chini vikawa vyake, na vya juu akamwachia shemeji. Chai aliinywa huko huko kwa mrija. Mkewe akipiga simu kuuliza kama kichwa bado kinamsumbua, alijibu, na wala hakudanganya, kwamba kwa sasa hakimuumi hata kidogo.

Usidhani alikuwa mjinga. Alikuwa anaogopa. Jirani mmoja mwenye mdomo mrefu alimwambia kwamba sindano ya mgongo hupoozesha watu, na yeye, mwanamume wa kubeba gia boksi kifuani, akawa anawaza siku ambayo miguu itakataa kumtii. Akirudi hospitali watamchoma tena pale pale. Bora kichwa. Basi akaufyata, hata juzi nati moja ilipoanza kuonekana mbili.

Siku hiyo ya tisa akaja mama mmoja wa makamo, muuguzi wa chumba cha upasuaji, na gari linalovuja oili.

"Taa ya oili imewaka tangu lini, mama?" ziliuliza buti.

"Tangu wiki iliyopita."

"Na ukaendelea kuendesha?"

"Nikizima gari nayo inazimika. Nikadhani imepona."

Buti zilicheka mpaka ubao ukatikisika. "Mama yangu, gari likizimwa taa zote huzimika. Huko si kupona, huko ni kupumzika tu. Taa ikiwaka, unakuja siku ile ile."

Shemeji mtu alikuwa amevumilia siku nyingi, na uvumilivu una mwisho wake. "Muulize na yeye, mama," alisema. "Akilala mzima, akisimama kichwa kinampasuka. Wiki nzima sasa, na tiba yake ni hiyo ya kulala chini ya magari ya watu."

Muuguzi alichuchumaa karibu na buti. "Fundi, ulichomwa sindano mgongoni hivi karibuni?"

"Ya goti," sauti ilitoka chini polepole.

"Una homa? Shingo imekaza? Miguu ina ganzi? Mkojo unatoka vizuri?"

"Mama, hapa ni gereji."

"Nijibu."

"Homa hakuna. Shingo imekaza kidogo. Miguu mizima. Huo mwingine hauna neno."

"Na macho?"

Buti zilijivuta ndani kidogo.

"Toka nikuone."

Alitoka, akasimama ameegemea boneti, jasho linamtiririka. Ili aonyeshe kwamba hana tatizo, akanyoosha mkono kumrudishia muuguzi ufunguo wake. Aliupeleka pembeni kabisa, akaukabidhi kwa hewa. Ufunguo ukaanguka sakafuni, na shemeji, aliyekuwa anacheka, akaacha.

"Na jioni ungelijaribu gari langu barabarani?"

"Ndiyo sheria yangu," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Gari haliondoki hapa sijaliendesha mwenyewe."

Muuguzi hakumgombeza. Alimlaza kwenye benchi kwanza, ndipo akamweleza. "Sindano ile hutoboa kifuko chenye maji, maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi tundu hujiziba. Lako linavuja. Ukisimama maji hushuka, kichwa kinauma, ukilala kinatulia. Wengi hupona kwa siku chache, kwa mapumziko, kunywa maji na dawa za maumivu. Lakini kikiwa kikali hivi, au kisipoisha, unarudi kwa waliokuchoma. Na macho yakianza, au homa, au miguu kulegea, hungoji kesho."

"Watanichoma tena?"

"Huenda. Wanachukua damu ya mkononi mwako, wanaiweka jirani na lile tundu, inaganda, inaziba."

"Nitapooza, mama."

"Hatari zake watakueleza wao, usione haya kuwauliza. Mimi nimesimama kwenye kazi hiyo miaka kumi na minane, sijaona aliyepooza. Walionyamaza wakaumia zaidi, hao nimewaona."

Fundi alijipapasa miguu yote miwili. Kisha akasema, "Shemeji, endesha wewe."

Hospitali walimpima, wakampiga picha ya kichwa, wakamweleza kila kitu mara mbili kwa sababu aliuliza mara mbili, halafu wakamziba. Daktari alimwambia waziwazi kwamba angekuja mapema huenda macho yasingefika huko. Yangerudi, lakini yangeweza kuchukua wiki kadhaa, na mpaka hapo usukani ni haramu kwake.

Baada ya saa mbili za kulala chali, wakamruhusu kuketi. Mkewe alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Fundi alianza na vidole vya miguu. Vyote kumi vilitii. Akainuka taratibu, akafumba macho, akayangoja maumivu. Hayakuja. Akafumbua macho, machozi yakamtoka mbele za watu.

"Nilidhani nitapooza," alisema. "Ndiyo maana nikakuficha."

Mkewe naye alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hakujua aanze na lipi. "Kichwa je?"

"Kimetulia."

"Unaniona?"

"Nawaona wote wawili. Huyu analia na yule pia."

Alicheka bila kupenda, akajifuta uso kwa kiganja. "Basi tusikilize sote. Siku nyingine ukiumwa, utatuambia."

"Nitawaambia," alisema fundi, na safari hii hakuwa anatania.