Mnara Kihambani kwa Theopista

Asubuhi ya Jumanne, Theopista alipoingia kihambani kukata majani ya ng'ombe, aliukuta mnara wa Pisa umesimama kati ya migomba na mibuni. Ulikuwa mweupe, una nguzo pande zote, na umeinama kuelekea kwa jirani. Chini ulikuwa umechafuka kwa tope jeusi la majaruba ya mpunga, kwa hiyo alijua kwamba ulipitia Chekereni, kule tambarare chini ya mlima. Alikasirika kidogo, maana ulikuwa umekanyaga magimbi.

Aliweka mundu chini, akauzunguka. Mtu aliyekulia Uru akiona kitu kirefu kimeinama hajiulizi kimetoka wapi, anajiuliza kimeelemewa na nini. Mgomba ukizidiwa na mkungu huegemezwa kwanza, maswali baadaye. Theopista akaenda nyuma ya banda, akachagua mti mrefu wenye panda aliokuwa ameutunza kwa ajili ya mgomba wa mshare, akaukita chini ya ghorofa ya kwanza. Kisha akaendelea kukata majani, kwa sababu ng'ombe hawana subira na habari za wageni.

Kihamba hicho, shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi yake, kilikuwa cha marehemu baba yake, mzee Basili. Theopista alirudi hapo kutoka Arusha baada ya ndoa yake kuvunjika, akamuuguza mama, kisha akamuuguza baba. Wote wawili wakazikwa pale pale, yeye akabaki na ng'ombe, mibuni iliyozeeka na mfereji uliokuwa ukiziba kila masika. Alizibua mfereji. Aling'oa mibuni mizee akapanda mipya, ikazaa mpaka matawi yakainama. Kila mtu alisema kihamba kimependeza, na kila mtu alijua ni cha Ildefonce. Desturi inataka kihamba cha baba kimwendee kitindamimba wa kiume, na Ildefonce ndiye aliyekuwa kitindamimba. Aliishi Dar es Salaam akiuza vigae. Kila Desemba alikuja na gari, akala mtori wa ndizi, akalalamikia baridi, akaondoka.

Majirani walikuja kuutazama mnara, ingawa hawakukaa sana, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva na hakuna aliyekuwa na muda wa kupoteza. Sylvanus, jirani wa upande wa chini, ndiye aliyekuwa na neno.

"Dada Theopista, hiki kitu chako kinanichungulia."

"Kivumilie, Sylvanus. Nimeshakiegemeza."

Aliyeutambua ni Kalisti, mtoto wa binamu yake, aliyekuwa akiwapandisha watalii mlimani na aliyejua Kiitaliano cha kuwaambia watu wanywe maji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unaujua huu?"

"Huu ni wa Pisa, Italia. Aisee, umechoka."

"Hata mimi ningechoka. Umetembea."

Padri Remigius naye alifika, akaugonga gonga ukuta kwa kidole na kusema kwamba mnara wa kengele usio na kanisa ni kama mtoto aliyepotea, unamlisha kwanza ndipo unamuuliza kwao. Alipoulizwa mnara unakula nini, alisema angefikiria. Shida ilikuwa kengele zake, maana zililia kwa saa za Ulaya. Saa sita ya mchana ya Pisa iliingia Uru saa nane, na wazee waliozoea kusali Malaika wa Bwana kengele ikilia wakajikuta wanasali mara mbili, ya kanisani kwao na ya kihambani kwa Theopista. Hawakulalamika. Walisema sala haiozi.

Haukupita muda, Kalisti akaanza kuwaleta watalii wake kabla ya kupanda mlima. Walikuwa na tabia moja: wakifika walisimama mbali, wakanyoosha viganja hewani kana kwamba wanauzuia mnara usianguke, na wenzao wakawapiga picha. Theopista aliwaona, akaguswa moyo. Watu wametoka kwao huko, wamepanda ndege, wamekuja kumsaidia. Lakini aliona pia kwamba walikuwa wakisukuma hewa, akadhani ni haya ya ugenini. Akawashika mabega mmoja mmoja, akawasogeza mpaka viganja vyao vikagusa ukuta.

"Hapa, mwanangu. Sukuma hapa. Usiogope."

Wakasukuma. Mnara haukusogea, lakini nia ni nia, akawapa ndizi za kuiva na maji ya kunawa.

Alhamisi iliyofuata soko la Pisa nalo likaja, kwa sababu soko halikai mbali na mnara wake siku nyingi. Meza zilijipanga kuanzia kwenye banda la ng'ombe hadi mferejini, zikiwa na mafuta ya zeituni, soksi, na minara midogo ya plastiki iliyoinama kila mmoja upande wake. Wanawake wa Uru wakashuka na mikungu yao kichwani, wakapanga chini, biashara ikaanza. Wauzaji wa Pisa walisema Kiitaliano, wa Uru Kichagga, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zikidai kwamba zinapata hasara, walielewana vizuri.

Meza iliyokuwa karibu na mlango wa Theopista ilikuwa ya mama mmoja mnene, Loredana, aliyeuza jibini. Wanawake walinusa jibini lile lenye ukungu wa bluu, wakatazamana kwa huruma.

"Pole sana, mama," Theopista alimwambia. "Umeme ulikatika lini?"

Wakamchangia maziwa mabichi ili asirudi kwao mikono mitupu. Loredana aliyanywa yote, akafuta mdomo, akawakatia kila mmoja kipande cha jibini kwa shukrani. Hawakutaka kumuaibisha, wakakipokea. Jioni kipande hicho kikatumbukia kwenye mtori wa nyumba kadhaa, na hakuna aliyelisemea jambo hilo, ila Padri Remigius, aliyekuwa amepita kusalimia tu, aliomba bakuli la pili.

Siku moja Loredana, akiwa anakunja turubai lake, aliuliza, kwa Kiswahili alichokiokota pale sokoni, shamba lile ni la nani.

"La mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Na anayelima?"

"Mimi."

Loredana aliacha kukunja turubai. Alimfungia jibini kubwa kuliko kawaida. Jibu lile Theopista alikuwa amelitoa miaka nenda rudi, kwa mabwana shamba, kwa wanunuzi wa kahawa, kwa wageni wa mazishi, na halikuwahi kumsumbua. Siku hiyo lilimuuma, tena lilimuuma vibaya, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango hadi ng'ombe wakaanza kumwita.

Ildefonce hakungoja Desemba iishe ndipo aje. Alifika mwanzoni kabisa, akaegesha gari juu ya maharage, akautazama mnara huku mikono ikiwa kiunoni.

"Dada, hii ni fursa, si mchezo. Tunaweka geti pale. Hoteli inakaa hapa."

"Hapa penye mibuni?"

"Mibuni si itang'olewa tu."

"Na mimi?"

"Wewe tena! Nani kakufukuza? Utapata chumba kule nyuma, kizuri tu. Utawapikia wageni mtori. Wazungu wanapenda vitu orijino."

Alikuwa anampenda dada yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimletea kanga mbili na redio.

Jumamosi ukoo ukakutana kwenye kivuli cha mnara ili kuamua mambo kabla ya ujenzi. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari, Theopista aliipika mwenyewe. Mkuu wa ukoo, mzee Vedastus, alipewa kiti chenye mgongo, wengine wakakaa kwenye mabenchi ya Loredana. Swali la kwanza lilikuwa la Sylvanus, aliyedai kwamba ghorofa za juu zimeinama hadi ndani ya kihamba chake, kwa hiyo ni zake, na kengele zilizomo pia.

Lilikuwa swali zuri, likajadiliwa kwa kirefu. Mzee Vedastus akakata shauri kwa sheria ya mgomba. Mgomba ukiinamia kwa jirani, mkungu ni wa mwenye shina, na jirani hupata majani yaliyoangukia kwake. Basi mnara ni wa mwenye kihamba, na Sylvanus atapata kivuli cha mchana pamoja na mavi yote ya njiwa yatakayodondokea upande wake. Sylvanus aliridhika. Aliuliza tu kama mbolea ya njiwa wa Ulaya ina nguvu sawa na ya hawa wa kwetu, akaambiwa ajaribu kwenye kabichi.

"Na mwenye kihamba ni Ildefonce," mzee Vedastus akamalizia. "Mama Theopista, hebu tuongezee mbege."

Theopista hakwenda kuchukua mbege. Alikuwa amesimama nyuma ya mabenchi, kata mkononi.

"Mzee Vedastus, shikamoo tena."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba masale yapandwe kwa jina langu. Kuanzia mferejini mpaka penye makaburi. Mnara mpeni Ildefonce, auhamishe. Mimi nataka ardhi niliyoilima."

Masale, ile mimea ya majani marefu, ndiyo mpaka wa Wachagga. Yakishapandwa hakuna anayeyang'oa, na pale Uru hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia yamepandwa kwa ajili ya binti. Kata ya mzee Vedastus ilimponyoka, mbege ikammwagikia kwenye suruali ya misa. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kalisti, aliyewahi kuwaona watu wakiota ndoto huku wakitembea kule juu penye barafu, aliketi chini kwenye udongo na kusema, "Aisee." Padri Remigius alisema wasiwe na haraka. Ildefonce alimwangalia dada yake kama mtu aliyesikia gari lake mwenyewe likimsalimia.

Mnara wenyewe ulinyooka. Ulisimama wima kabisa kwa muda wa Salamu Maria moja, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Theopista," mzee Vedastus alisema alipokwisha kupepewa, "mnara kutembea, sawa. Una msingi wake, una sababu zake, huenda kule hawakuutunza. Soko kuufuata, sawa, soko ni soko. Lakini hili unalosema wewe limewahi kuonekana wapi?"

"Linaonekana hapa. Mimi si nimesimama?"

Kilichofuata kilikuwa mbege ya kutuliza watu. Kikao kikafungwa kwa sala, na uamuzi ukabaki ule ule. Mibuni ingeng'olewa baada ya Noeli.

Habari ikashuka mlimani upesi kuliko maji ya mfereji. Kuanzia Jumatatu wakaanza kuja watu wa Uru yote, kisha wa mjini Moshi, kisha wa Kahe na Chekereni, wengine wakiwa na watoto waliovalishwa nguo za Jumapili. Walipita kwenye mnara bila kuinua macho. Walipita katikati ya soko, wakawasukuma Waitaliano kando, wakaja kusimama mbele ya banda kumtazama mwanamke aliyeomba ardhi. Theopista alikuwa na hasira nao wote, akaendelea kuwakatia ng'ombe majani.

Mwanamke mmoja mzee kutoka Kahe, aliyejitambulisha kwa jina la Monica, alingoja hadi wengine wakasogea.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, shikamoo."

"Marahaba. Uliomba kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Mbele ya wanaume?"

"Wote walikuwepo."

Monica akamsogelea, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini, kisha akauachia taratibu.

"Na wakakupa?"

"Hapana."

"Eeh," Monica alisema, maana hilo halikuwa geni. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo.