Feni ya Gari la Viti Viwili

Gari lilipoingia karakana, Spana alikuwa chini ya lori, na gari hilo alilitambua kwa mngurumo kabla hajayaona magurudumu yake. Alikaa huko chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alipojitoa na kujifuta mikono, alimkuta aliyekuwa mumewe amesimama, ufunguo mkononi, amevaa koti ambalo yeye hakulijua.

"Habari za siku nyingi," mwanamume alisema.

"Nzuri. Lina nini?"

"Feni ya hita. Haipulizi kabisa. Nimepata kazi kule juu milimani, na asubuhi kioo cha mbele kinashika ukungu, sioni hata boneti. Fundi mmoja kabadilisha fyuzi, mwingine kanifungia mota mpya, na bado kimya. Wote wanasema waya za hili gari hazieleweki."

"Hazieleweki kwao."

Alicheka kidogo, na Spana naye nusura acheke. Waya zile alizisuka yeye mwenyewe. Walilinunua gari hilo enzi za ndoa yao, spoti ya milango miwili iliyobaki bodi tupu, wakalifufua pamoja. Yeye alishika umeme. Mumewe, ambaye watu walimwita Kocha kwa kupenda kuelekeza kazi asizozifanya, alishika rangi na viti. Spana alikuwa mjamzito, tumbo likimkatalia kuinama chini ya dashibodi, na majirani hawakuwaacha wapumue: gari lenyewe la watu wawili, mtoto mtamweka kwenye buti?

Mtoto akazaliwa, msichana, akakaa mapajani. Gari likiwa limeegeshwa uani, alipenda kuwasha feni, afumbe macho, nywele zimpepee. Alifariki kabla hajaanza shule, kwa homa iliyoanza asubuhi ikionekana mafua tu. Baada ya hapo wazazi wake wakawa wanapishana ndani ya nyumba, kila mmoja akiuogopa uso wa mwenzake. Mwisho Kocha aliondoka na gari, Spana akabaki na karakana. Hawakugombana. Pengine wangegombana ingekuwa nafuu.

Sasa alifungua mlango wa abiria, akalala chali sakafuni mwa gari, miguu ikining'inia nje, taa ya kupimia umeme mkononi.

"Washa swichi."

"Nimewasha."

Aligusa fyuzi, taa ikawaka. Akachomoa plagi ya mota, akagusa, ikawaka tena.

"Umeme unakuja," alisema kutoka kule chini. "Haurudi."

"Ndiyo nini?"

"Unafika kwenye mota vizuri, halafu hauna njia ya kutokea. Mota yako ya zamani ilikuwa nzima. Umetupa kitu kizima."

Alirudisha plagi, akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, wa ile mota, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Feni ikavuma, vumbi la miaka likammwagikia usoni. Alikohoa, akalitoa machoni, akaanza kuufuata waya wa ethi kwa vidole mpaka ulipofungwa kwa bolti, chini ya zulia. Bolti ilikuwa imeoza kwa kutu. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa ukivujisha maji, yakateremka polepole hadi pale. Akachukua msasa.

"Mke wangu ni mjamzito," Kocha alisema.

Mkono wa Spana haukusimama. "Hongera."

"Wametuambia ni msichana."

"Hongera tena."

"Tulikuwa tunafikiri..." Akauchomoa ufunguo, akauhamisha kutoka mkono huu kwenda ule. "Mimi nilikuwa nafikiri. Yeye kasema nikuulize wewe kwanza. Tumpe jina lake."

Spana aliendelea kusugua chuma ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Nipe tochi," alisema.

Alipewa.

"Hapana."

"Sikusema kwa ubaya."

"Najua. Jina lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo." Kisha akamwita alivyokuwa akimwita zamani, Mama na jina la mtoto.

"Litaitwa huko kwako," Spana alisema, "na atakayeitika si yeye."

Spana alifunga bolti mpya, akaipaka grisi, akarudisha zulia. Feni ilipoanza kupuliza, mwanamume alikaa kwenye usukani ameinamisha kichwa, kiganja mbele ya tundu la hewa, muda mrefu kuliko mtu anayejaribu feni.

"Tengeneza mpira wa kioo," Spana alimwambia dirishani, "la sivyo bolti itaoza tena."

"Nitatengeneza. Asante."

Miezi ilipita ndipo Spana alipojua alichokikataa. Alikuwa ananawa mikono, na ghafla akajiuliza ni lini mara ya mwisho alilisikia jina lile kabla ya siku ile Kocha alipolitamka. Hakukumbuka. Majirani waliliepuka kwa heshima. Wateja walimjua kwa Spana tu. Akamfikiria msichana huko juu, anaitwa atoke kwenye mvua, anakaripiwa, jina linapigiwa kelele uani kutwa nzima. Jambo hilo lilimuuma, na alilitaka. Akapiga simu kabla hajakauka mikono.

Ilipokewa na mwanamke.

"Kocha ametoka, dada. Kasahau simu. Ni wewe fundi?"

"Ni mimi. Nilikuwa nataka, kuhusu lile jina..." Nyuma ya sauti ile mtoto alilia. "Ameshazaliwa?"

"Wiki iliyopita. Tumempa jina la bibi yangu. Uliposema hapana nikamwambia baba yake tusikuumize zaidi."

"Mlifanya vizuri."

"Siku ya kutoka hospitali baridi ilikuwa kali, dada. Nilimpakata njia nzima, feni inapuliza, hata hakuamka." Akambembeleza mtoto kidogo. "Ulitaka kusema nini kuhusu jina?"

"Hilo la bibi yako. Ni zuri?"

"Zuri sana."

"Basi mlee salama."

Alikata simu, akakaa kwenye kiti cha ofisi ndogo ya karakana. Halafu akaliita lile jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida, vile anavyoitwa mtoto aje kula.

Mteja aliyekuwa akisubiri betri yake nje alichungulia. "Umeniita, fundi?"

"Hapana. Namwita binti yangu."

"Ahaa," mteja alisema, akasogea kando ya mlango ili mtoto apate pa kupita.