Nilishuhudia Kabla ya Kupona

Kosa langu nililifanya mbele ya kanisa zima. Mwaka jana, miezi minne tu baada ya machimbo kumfukia kaka yangu Hénoc, nilisimama kanisani kwetu, hapa mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, nikashuhudia kwamba nimepona. Kwetu ushuhuda hauachwi njiani. Lazima umalizike kwa ushindi, kinanda kilie, akina mama wapige vigelegele. Basi nikatangaza ushindi ambao sikuwa nao.

Ukweli ni huu: siku ile nilikuwa nauzia wachimbaji chakula pale juu ya shimo, nikaiona ardhi ikididimia. Tangu siku hiyo binti yangu Tracy akitoka machoni pangu dakika tano, kifua kinabana, namkimbilia barabarani bila viatu. Mwishowe nikamzuia kwenda shule. Mkuu wa shule akatuma neno: asiporudi baada ya Pasaka, nafasi yake anapewa mwingine. Nikaona aibu, tena nikajikasirikia. Nikaenda kwa siri kwa Madame Léa, mwanasaikolojia wa kituo cha afya.

Nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeandika yote, mpaka rangi ya jeneza. Nikasimama katikati ya chumba, nikaanza kusoma kwa sauti kama niko kanisani. Akanikatiza, akanionyesha kiti.

"Mama Huguette, ikala kwanza. Leo hatutaingia mu lile shimo. Leo weye njo utaniuliza miye."

Nilichukia. Nimejikaza wiki nzima, halafu ananiambia nifunge daftari, nimuulize yeye! Nikamuuliza kwa ukali, nikitaka kumkomesha: "Ulisomea iyi kazi? Itakamata siku ngapi? Na mambo yangu utaenda kuambia nani?"

Akajibu bila kununa. Ndiyo, amesomea majeraha ya namna hii. Tutaonana kila Alhamisi, mara kumi na mbili kwa kuanzia, kisha tutaangalia pamoja tumefika wapi. Siri yangu itabaki kwake, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtoto yako hatarini. Nikitaka kuacha, niache. Nisipopatana naye, atanielekeza kwa mwenzake. Na kwanza tutajifunza kutuliza mwili. Habari za shimo zitakuja baadaye, polepole, nikiwa tayari.

"Tena ujue, mama, ku mwanzo inaweza kuzidi," akasema. "Ndoto, machozi. Ile saa, nani iko pembeni yako?"

Watu wangu wote ni kikundi cha maombi, na wote wanajua nimepona.

Alhamisi tano zikapita. Ndoto zilizidi kweli, na nisingeonywa ningetoroka. Niliendelea kwa ubishi tu. Nikajifunza kukanyaga sakafu kwa nguvu na kupumua. Tracy akaanza kwenda dukani peke yake na kurudi.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule, nikaomba nafasi ya ushuhuda.

"Mwaka jana nilisema hapa nimepona. Nilidanganya. Bado. Niko naenda kwa psychologue kila jeudi. Kesho Tracy anarudia ku masomo, na miye naogopa sana. Nahitaji muntu wa kuikala na miye."

Nikaketi. Mpiga kinanda hakujua afanye nini. Mama Claudine, kiongozi wa kikundi chetu, alinisubiri nje uso umekunjamana.

"Huguette, bantu batasema nini sasa?"

"Batasema sijapona, mama. Na ni kweli."

Aliondoka bila kuniaga. Jumatatu saa moja kamili alibisha hodi, bado amenuna, akavuta kiti akakaa. Tracy akaenda. Mara mbili niliinuka nikimbie, mara mbili nikakaa mwenyewe. Mara ya tatu Mama Claudine alinishika kitenge, akanirudisha kitini. Jasho lilinitoka asubuhi nzima.

Saa sita na nusu Tracy aliingia, akatupa mkoba kitandani.

"Mama, tunakula nini?"

Tulitazamana na Mama Claudine. Hata makaa hatukuwa tumewasha.