Krefishi ya Mgeni

Mgeni kutoka Nijeria alimpa Laurencia, mpishi mpya wa hoteli moja Karatu, mfuko wa unga wa kahawia. "Ni krefishi. Nitilie kwenye supu."

Kwao Endabash samaki hawaliwi, hivyo Laurencia hakuitambua harufu, akadhani ni kiungo tu. Alikuwa ameinua kijiko juu ya sufuria ya wageni wote, pale mpishi mkuu, Mama Elieshi, alipomshika mkono.

"Nanusa kamba, mwanangu. Krefishi yao ni kamba wadogo waliokaushwa wakasagwa. Na yule mzee wa dirishani akila kamba, koo linavimba."

Laurencia akamtengea yule Mnijeria supu yake ya krefishi pembeni. Mzee alikula salama.

"Asante, mama," Laurencia alimwambia Mama Elieshi, machozi yakimlengalenga.

"Ishukuru pua yangu."

Jumapili Laurencia alirudi kutoka kwao na kikapu cha mbaazi. "Hizi ni za pua," akasema.