Eunike Ahamishwa na Udongo Wake

Ngarenanyuki nzima hakukuwa na mwanamke aliyepika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, tamu kama ya Eunike. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hapo hapo akakiri kwamba ya asubuhi ile ameiunguza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akikwangua chungu, malori ya serikali yalipofika kuwahamisha Wameru ili mashamba yao wapewe walowezi.

Wazee walishakubaliana kanisani: asirushe mtu jiwe, asitukane mtu, wala asinyanyuke mtu. Basi Eunike hakunyanyuka.

"Shikamoo, mama," alisema askari Loishiye. "Panda lori, tafadhali."

"Marahaba, mwanangu. Nimeketi."

"Naona."

"Basi nibebe. Sikuzuii, wala sikusaidii."

Askari wanne wakashika kigoda. Kikanyanyuka, na udongo wa chini yake ukanyanyuka nacho, pamoja na mafiga, kuku aliyekuwa ameatamia na migomba mitatu. Loishiye akainama achungulie upande wa chini. Aliona mizizi, fuko mmoja, na nyayo za marehemu mume wa Eunike, aliyezikwa pale migombani.

"Tunapelekwa wapi, Mama Lydia?" marehemu alimuuliza mkewe.

"Nyikani."

"Kuna maji?"

Eunike akamgeukia Bwana Shauri, Mwingereza aliyesimamia kazi. "Mume wangu anauliza maji."

"Mwambie yapo tele. Jana nimeyanywa mwenyewe. Matamu."

Nyumba ikachomwa kama ilivyopangwa. Lori likateremka polepole na migomba yake. Njiani watu waliuliza tu kama ndizi zinauzwa.

Huko nyikani udongo ulishushwa juu ya vumbi, Eunike angali ameketi, na malori yakarudi kuchukua wengine. Marehemu aliomba radhi kidogo, akazama ardhini kwenda kutazama maji. Bwana Shauri alisubiri pamoja na askari. Naye alitaka kujua mtu wa namna ile hushuka umbali gani.

Sauti ikaja kutoka mbali chini. "Mama Lydia! Nimefika mwisho. Kukavu. Hata fuko amegoma kunifuata."

"Bwana," Eunike aliuliza kwa adabu, "hayo maji ya jana uliyanywa upande gani?"

Bwana Shauri akanyoosha kidole mashariki. Elinaza, dereva wake, akatokea upande huo huo na debe tupu.

"Bwana, huku nako hamna. Nirudi Ngarenanyuki nikakuchotee pale pale pa jana?"